Limau, yai na manjano usoni: tunayoambiwa na yaliyo kweli

Jumapili ukipita soko la Kibuye upande wa matunda, ukasitasita mbele ya avokado lililolainika kupita kiasi, muuzaji atakwambia, “Hilo ni la uso, dada yangu, nakupunguzia.” Na si vibaya, avokado usoni halina ubaya mkubwa. Shida huanza pale mtu anapotia ndani ya bakuli lile lile limau, magadi soda na mdalasini, kisha akakaa na mchanganyiko huo usoni nusu saa nzima huku akijikaza kwa maumivu. Mimi kazi yangu ni kusimama kaunta ya duka la dawa hapa Kisumu, na nyuso zilizobabuka nimezizoea. Yafuatayo ni maneno ninayoyasikia mara kwa mara, na majibu ninayoyatoa.

Dhana: Ikiwasha, ujue inafanya kazi

Ikiwasha, ujue inachoma. Tabaka la juu la ngozi ni kama bati la nyumba: kazi yake ni kuzuia cha nje kisiingie na maji ya ndani yasipotee. Tabaka hilo lina asidi kidogo, kati ya 4.5 na 5.5 kwa kipimo cha pH (namba ikishuka, asidi inaongezeka), na asidi hiyo ndiyo inayolifanya lishikamane na kuwabana vijidudu. Maji ya limau yako karibu na 2. Ukikumbuka kwamba kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, utaona kwamba limau lina asidi takriban mara elfu moja kuliko ngozi unayolipaka. Magadi soda nayo inavuta upande wa pili, inapita 8. Kwa hiyo mtu anajipaka limau Jumatatu na magadi soda Jumatano, halafu Ijumaa anashangaa kwa nini hata maji ya bomba yanamchoma.

Kuna wanaovichanganya pamoja na kulisifu lile povu. Povu lile ni hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka asidi inapokutana na magadi. Likishatulia, kilichobaki kwenye bakuli ni maji yenye chumvichumvi na chembe za kukwaruza. Mdalasini sitausemea sana: una mafuta yanayojulikana kwa kuchoma na kuleta mzio, uache kwenye chai.

Dhana: Limau huondoa madoa meusi

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana katika vitu vyote vya jikoni vinavyopakwa usoni, limau ndilo ninalolipiga vita kila siku.

Hoja ya watu ni kwamba limau lina vitamini C, na vitamini C hung'arisha ngozi. Nusu ya hoja ni kweli. Seramu za vitamini C zinazofanya kazi huwa na asilimia 10 hadi 20 ya vitamini hiyo. Maji ya limau yana kama miligramu 50 katika gramu 100, yaani asilimia 0.05. Unapata asidi yote ya kuchoma na tone tu la hiyo vitamini unayoitafuta.

Kibaya zaidi ni jua. Limau, na hasa ndimu, lina kemikali za asili ziitwazo furanokumarini, nyingi zikiwa kwenye ganda. Zikiwa kwenye ngozi kisha zikapigwa na miale ya jua aina ya UVA, zinaunguza. Huoni kitu siku ile ile. Baada ya siku moja hadi tatu ngozi inakuwa nyekundu au inaiva, wakati mwingine inatoa malengelenge, halafu inaacha weusi unaoweza kukaa wiki kadhaa au hata miezi. Alama zake huwa na umbo la ajabu: mchirizi ulioteremka kutoka shavuni hadi kidevuni, au doa lenye umbo la vidole, kwa sababu zinafuata mahali maji yalipopita. Anayekamulia ndimu samaki ufuoni Dunga halafu akakaa juani bila kunawa anaweza kupata alama hizo mikononi, sembuse mtu aliyejipaka uso mzima.

Sasa hebu fikiria tunakaa wapi. Ikweta inakatiza Maseno. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru iko kama mita 1,850. Kadiri unavyopanda juu, miale hiyo inaongezeka, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Watu wa Nakuru hudanganywa na baridi: mtu amevaa sweta asubuhi, anadhani jua halipo, na miale inampiga vilevile, hata kupitia mawingu na kioo cha matatu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi yetu ni nyepesi kuamka. Ukizikera kwa chunusi, kwa kukwaruza au kwa kuunguza, zinajibu kwa kumwaga rangi zaidi. Madoa mengi yanayoletwa kaunta ni ya aina hiyo, yaliachwa na chunusi iliyotumbuliwa. Mtu analipaka doa limau, limau linaikera ngozi, ngozi inaongeza rangi, naye anaongeza limau. “Daktari, mbona linazidi?” aliniuliza mama mmoja. Linazidi kwa sababu ya dawa yenyewe, mama.

Kinachosaidia madoa hayo ni muda na kinga ya jua. Na hapo nakutana na dhana nyingine, kwamba losheni ya kukinga jua ni ya wazungu na watu wenye ualbino. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, kweli, lakini haitoshi kuzuia madoa yasikolee. Chukua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 kwenda juu. Ukipata yenye rangi ya kahawia ndani yake ni bora zaidi kwa madoa, kwa sababu rangi ile hutokana na oksidi ya chuma, ambayo huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea weusi. Kofia yenye ukingo mpana haina haja ya maelezo.

Dhana: Kikiwa cha asili hakiwezi kudhuru

Upupu nao ni wa asili.

Chukua mshubiri, ule aloe vera ulio kwenye debe karibu kila uani. Ukikata jani utaona majimaji ya njano yakichuruzika kutoka chini ya ganda. Hayo ndiyo yanayowasha watu. Kinachotakikana ni ute mweupe wa katikati. Simamisha jani wima kwenye kikombe, mahali palipokatwa pakiwa chini, liache mpaka njano yote iishe, kisha limenye, suuza ule ute na ndipo upake. Wengi huruka hatua hiyo, halafu wanasema mshubiri unawakataa.

Papai bichi lina utomvu wenye kimeng'enya cha papaini, kile kile kinacholainisha nyama, nao huweza kuiwasha ngozi vibaya. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa juu ya chunusi huchoma hadi malengelenge. Avokado na ndizi ni vipole kwa walio wengi, lakini ukiwa na mzio wa glavu za mpira, kama wanavyopata baadhi ya wauguzi na wasusi, jihadhari navyo, kwa kuwa mwili unaweza kuvichukua kama kitu kimoja.

Manjano yana sifa nzuri za kupunguza uvimbe, ingawa sehemu kubwa ya sifa hizo imeonekana maabara na si kwenye mashavu. Yatakuacha na rangi ya njano hadi kwenye mto wa kulalia. Wasiwasi wangu mkubwa ni unga uliosagwa usiojulikana ulikotoka: huko Bangladesh iligundulika wafanyabiashara wakiyaongezea manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Nunua mzizi mbichi, ukune mwenyewe.

Dhana: Ute wa yai hukaza ngozi na kuondoa makunyanzi

Unakaza, ndiyo, mpaka unapoosha uso. Ule ute ni protini inayokauka na kujikunja juu ya ngozi, na ndiyo maana unahisi umevutwa. Haiingii ndani. Ili kitu kipenye ngozi nzima kinatakiwa kiwe kidogo, kwa kadirio la wataalamu chini ya daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Protini kuu ya yai ina kama 45,000 na kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, inafika 300,000. Kwa hiyo maski ya “kuongeza kolajeni” kwa supu ya kwato iliyoganda, ambayo nimeshaulizwa, ni hasara ya supu. Yai bichi pia linaweza kubeba bakteria wa salmonela, na maski za uso zina tabia ya kuteleza hadi mdomoni.

Asali na maziwa lala: hapa watu hawajakosea sana

Asali hushika maji na kulainisha ngozi kavu, na inazuia bakteria kwa sababu ina maji machache sana, ina asidi, na ikikutana na maji hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo. Lakini mtu akisikia kwamba hospitali zinatibu vidonda kwa asali, asiichukue chupa aliyonunua kando ya barabara ya Marigat, kule Baringo, akaipaka kwenye kidonda kibichi. Asali ya hospitali imepigwa mionzi ya kuua vijidudu. Usoni, kwenye ngozi nzima, ya Baringo inafaa. Mama mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja aioshe kabisa kabla ya kumbeba, maana mtoto wa umri huo hatakiwi hata kuilamba.

Maziwa lala, au mala, yana asidi ya laktiki, ambayo hulegeza seli zilizokufa. Katika mala ni kama asilimia 1 tu, kwa hiyo usitarajie maajabu, lakini inaburudisha na haimchubui mtu. Mursik, maziwa ya Wakalenjin yaliyochachushwa kwenye kibuyu, na mkaa wake, muachie mnywaji.

Basi hakuna kinachofaa?

Kipo, na ni cha bei ya chini: oti. Uji ule ule wa asubuhi. FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, iliutambua unga laini wa oti kuwa kinga ya ngozi mwaka 2003, na hutuliza mwasho na ukavu kweli. Tumia oti zisizo na sukari wala ladha. Zisage kwenye blenda au kinu mpaka ziwe unga laini kabisa. Kipimo ni hiki: tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji na ukoroge. Maji yakigeuka meupe kama maziwa na kubaki hivyo, zimesagika. Unga ukizama chini, rudia. Kisha changanya vijiko viwili na maji ya vuguvugu au mala hadi viwe ujiuji, paka kwa dakika kumi hadi kumi na tano, na uoshe kabla haijakauka ikapasuka. Uso ukiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando. Mafuta yale ya bei nafuu, yanayodharauliwa kwa sababu yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, yanazuia maji kutoka kwenye ngozi kuliko karibu mafuta yote ya mimea.

Nikiitaja mimea: mafuta ya nazi na ya shea, yale yanayotoka kaskazini mwa Uganda, ni mazuri kwa miguu na viwiko. Kwa uso wenye chunusi, ya nazi hasa huziba vinyweleo.

Tengeneza ya siku moja. Maski yenye maji au matunda haina kitu cha kuizuia isioze, na friji huchelewesha tu. Kabla ya kupaka mchanganyiko mpya usoni, ujaribu ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa wiki moja hivi, kwa sababu mzio mwingi hujitokeza baada ya siku mbili tatu.

Dhana: Maski huponya chunusi

Chunusi huanzia ndani ya kinyweleo, kwenye mafuta, homoni, seli zilizoziba na bakteria. Uchafu hauhusiki sana, na kuusugua uso kwa sukari au kahawa huzidisha. Dawa ya meno nayo hukausha na kuchoma. Krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inapatikana dukani na hufanya kazi, ila inataka subira ya wiki sita hadi nane, na itachubua rangi ya taulo lako. Chunusi kubwa zinazouma na kuacha makovu zinahitaji mtaalamu wa ngozi.

Tahadhari na maski ya “kienyeji” iliyopimwa kwenye kikopo kisicho na jina na inayong'arisha uso kwa wiki moja. Manjano na liwa haviwezi kazi hiyo kwa kasi hiyo. Mara nyingi kinachofanya hivyo ni steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), haidrokwinoni (kemikali ya kupausha ngozi) au zebaki, ambayo ni sumu. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki, lakini kikopo kisicho na lebo hakijausoma mkataba.

Na doa la mviringo lenye ukingo uliovimba na linalowasha huenda ni choa, si doa la kung'arishwa. Linataka dawa ya fangasi. Ukilipaka krimu ya steroidi litatulia siku chache, kisha litasambaa bila umbo na kumsumbua hata daktari kulitambua.

Kama limau limeshakuunguza: osha kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, paka mafuta ya mgando, na ujikinge na jua mpaka weusi uishe. Malengelenge usiyatumbue. Yakiwa karibu na jicho, nenda hospitali siku hiyo hiyo.