Kikechua hakiishi Cusco peke yake

Ukitaja Kikechua, wengi akili yao inakimbilia Machu Picchu na llama, kisha mtu anakwambia: "Si ile lugha ya Wainka? Ilishakufa." Haijafa. Katika sensa ya Peru ya 2017, watu karibu milioni 3.8 walisema ndiyo lugha waliyoanza kuongea utotoni. Na Wainka walikikuta tu: wanaisimu wengi wanaweka chimbuko lake Peru ya kati, mbali na Cusco, mji mkuu wa Wainka, karne nyingi kabla ya dola yao.

Dhana nyingine: ni lugha ya Peru. Basi waulize watu wa bonde la Cochabamba, Bolivia, walionyonya nacho. Ecuador wanakiita Kichwa, kusini mwa Colombia wapo Wainga, nao wana aina yao.

"Sawa, lakini ni cha watu wa milimani." Hapa ndipo ninapopapenda. Kandokando ya mto Napo, ndani ya msitu wa Amazoni, watoto wanalelewa kwa Kichwa. Halafu nenda Santiago del Estero, Argentina: tambarare, joto la kuchoma, milima ya Andes haionekani hata kwa mbali. Huko lugha imeshikiliwa na wakulima na wafugaji ambao wengi wao hawajihesabu kabisa kuwa Wahindi Wekundu. Wao ni watu wa Santiago, basi. Lugha ni ya nyumbani.

Wala si lugha moja iliyonyooka. Ni ukoo. Ndani ya Peru yenyewe, mkate Ayacucho ni *tanta*. Cusco ni *t'anta*, ile t ya kwanza inapasuka mdomoni kama kizibo kinachong'oka. Hao bado wanaelewana. Mtu wa Ancash na mtu wa Cusco, kila mmoja akishika chake, watahangaika, na pengine wataishia kwenye Kihispania.

La mwisho, kwamba ni lugha ya vijijini. Vita vya ndani vya Peru vya miaka ya 1980 viliwakimbiza wengi kutoka Ayacucho na mikoa jirani hadi Lima, mji mkuu, na leo jiji hilo lina wazungumzaji wazawa wa Kikechua laki kadhaa. Peru ilikitangaza lugha rasmi mwaka 1975, ila katiba ya 1993 inakipa hadhi hiyo katika maeneo ambako kimetawala tu. Lima kinachotawala ni Kihispania.