Kwa nini darubini inayokuza zaidi huweza kumficha wapiti?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mwindaji anayemtafuta wapiti, yule mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi wa Milima ya Rocky huko Marekani, hufanikiwa kadiri darubini yake inavyokuza zaidi. Ikiwa darubini inayokuza mara 10 huonyesha mengi, nilijiambia, inayokuza mara 15 itaonyesha mengi zaidi, na dume wa kilo zaidi ya 300 atajifichaje? Kumbe darubini ikishikwa mkononi, huweza kuwa kinyume kabisa.

Darubini haimkuzi mnyama peke yake; hukuza pia mtetemo wa mikono iliyoishika. Jicho letu ni hodari wa kunasa kinachosogea mbele ya vitu vilivyotulia, na wapiti aliyelala kivulini mwa misonobari hufichuliwa mara nyingi na sikio linalofukuza inzi au ncha ya pembe inayogeuka. Mfikirie mtu mmoja anayepunga mkono katika uwanja uliojaa watu walioketi kimya: utamwona papo hapo. Sasa watu wote wapunge mikono, naye atapotea, ingawa hajaacha kupunga. Darubini inayotetemeka huupungisha mikono msitu mzima. Ndiyo maana wawindaji wazoefu huketi na kuegemeza viwiko magotini, au huifunga darubini juu ya stendi ya miguu mitatu, ambapo hata ile ya mara 15 huwa chombo bora.

Upo pia upande wa mwanga, kwa kuwa wapiti hutoka kwenda malishoni hasa alfajiri na jioni. Lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 42, ikikuza mara 10, hulifikishia jicho mwale wenye upana wa milimita 4.2; ikikuza mara 15, mwale huo hubaki milimita 2.8, na penye mwanga hafifu mwale mpana zaidi huonyesha taswira angavu zaidi. Hata hivyo, faida hiyo hailingani kwa watu wote, kwa sababu mwale unaozidi upana wa mboni hauingii jichoni: mboni ya kijana huweza kupanuka gizani hadi milimita 7 hivi, lakini upana huo hupungua kadiri umri unavyosonga.

Jambo linalonivutia kuliko yote limo katika jina lenyewe. Neno wapiti limetoka katika lugha ya Washawnee, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Marekani, na maana yake ni makalio meupe. Hilo doa jeupe, pamoja na mstari wa mgongo uliolala miongoni mwa mashina yaliyosimama wima, ndilo ambalo mwindaji hulisaka polepole ukingoni mwa msitu kabla jua halijachomoza.