Basi Aliyefiwa Ndiye Anayejua Kuigiza?

Juzi tena. Tumemaliza kutazama Ordinary People, filamu ya Marekani ya mwaka 1980, darasani, taa hazijawashwa, kijana mmoja kashatoa hukumu: "Mwalimu, yule dogo wala hakuigiza. Alikuwa kafiwa na baba yake, basi alikuwa analia ya kwake." Kila muhula nayasikia haya. Safari hii naandika, sauti imenikauka.

Yule dogo ni Timothy Hutton, anayemwigiza kijana Conrad. Ni kweli Jim Hutton, baba yake na mwigizaji vilevile, alifariki Juni 1979, miezi michache kabla filamu haijaanza kupigwa. Ni kweli Timothy alichukua Oscar ya mwigizaji msaidizi akiwa na miaka 20, na hajatokea mwanamume aliyeichukua akiwa mdogo zaidi. (Msaidizi! Filamu nzima kaibeba mgongoni. Haya, tuyaache.) Lakini hakuigiza?

Rudini kwenye sini ya kifungua kinywa. Kaka mtu kafa ziwani, Conrad kanusurika, baadaye kajaribu kujiua, sasa katoka hospitali. Mama kampikia mkate wa kuchovya mayai, chakula anachokipenda. Conrad anasema hana njaa. Mama hagombi, anachukua sahani, anakwangulia chakula kwenye sinki. Hapo Hutton halii. Anabaki pale kama mgeni aliyevunja glasi kwenye nyumba ya watu.

Ndicho ninachokipigia kelele. Conrad haigizi huzuni, anaigiza kuwa mzima. Mtu mwenye jambo zito hashindi akilionyesha, anashinda akilificha, na kuvaa uhusika wa namna hiyo ni kazi ya kuzuia. Lakini nikimwambia mwanafunzi "wewe ni kijana mwenye matatizo", nageuka tu, keshaegemea ukuta, anateleza taratibu hadi chini, kichwa mikononi. Sijui nani aliwafundisha ule ukuta.

Au sini ya picha. Baba anataka kuwapiga picha mama na Conrad wakiwa wamesimama pamoja. Mama anaomba yeye ndiye ashike kamera, anaomba tena, kwa upole, huku akicheka. Mtazameni mtoto, si mama. Tabasamu lipo, linaanza kuchacha, bado lipo. Anapompigia baba yake ukelele ampe mama hiyo kamera, ukelele unauma kwa sababu tumeshaliona lile tabasamu likioza. Ukelele wenyewe hata jirani yangu anauweza.

Tena filamu hupigwa vipande vipande, maneno yaleyale pembe hii na pembe ile. Msiba haukumbuki mkono wako ulikuwa wapi kwenye teki iliyopita, yaani kipande kilipopigwa mara ya mwisho.

Mimi nimewahi kujaribu njia ya mkato. Tulimzika mama Jumamosi, Alhamisi nikapanda jukwaani kuigiza mtoto aliyefiwa. Nililia machozi ya kweli, makamasi pia. Wenzangu wakanikumbatia. Mwongozaji akanivuta pembeni: "Pole sana, ndugu yangu. Ila kuanzia safu ya tatu hatukusikia hata neno moja."

Sasa niseme na la upande wa pili, maana halinipi usingizi. Kuna ile sini ya usiku kwa Daktari Berger, daktari wa akili anayemtibu Conrad (Judd Hirsch, aliyeteuliwa kwa tuzo ileile mwaka uleule). Conrad ametoka kupata habari kwamba rafiki yake wa hospitali amejiua. Anakuja mbio, na ndipo linapomtoka: kosa lake ni kwamba aling'ang'ania mashua, akabaki hai. Nimeitazama kwa sauti na bila sauti, nikitafuta mahali ufundi unapoishia na mtoto wa Jim Hutton anapoanzia. Sipaoni. Kwa dakika zile huenda kijana wangu ana haki.

Sikumwambia. Nilimpa zoezi: ingia, mama amekuwekea chakula, kikatae bila yeye kujua una shida. Akaingia. Akaitazama sahani kwa muda mrefu, vizuri kabisa, nikaanza kupata matumaini. Kisha akausogelea ukuta.