Spika zinachoma masikio, lawama zote kwa amplifaya: dhana potofu na ukweli wake

Mtu ananunua spika za Klipsch RP-600M, anaziweka sebuleni, wiki haijaisha anaanza kulalamika trebo (zile sauti nyembamba za juu) inachoma masikio. Na ushauri anaopewa ni uleule kila mahali, ampu yako ndo tatizo, uza hiyo Yamaha chukua Marantz ile ni laini. Ushauri huu umewatoa watu hela nyingi sana bure, ngoja tuuchambue.

"Yamaha ni kali, Marantz ni laini"

Hii ndo mama wa dhana zote. Ampu ya transista iliyotengenezwa vizuri, iwe Yamaha A-S501 iwe Marantz PM6007, inakuza ishara kwa usawa kuanzia hezi 20 mpaka 20,000, yaani kuanzia besi ya chini mpaka trebo ya juu kabisa, na pale inapopotoka kidogo ni sehemu ndogo ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambayo sikio halishiki. Sasa mbona watu wanaapa wanasikia tofauti? Volyumu. Ampu moja ikilia juu ya nyingine kwa desibeli moja tu, huitambui kama imezidi sauti, unaisikia kama ina uwazi zaidi, au imekaza zaidi. Ukitaka kulinganisha kwa haki piga toni ya hezi 60 kwa sauti ya chini, chomeka multimita kwenye matundu ya spika usome volti za AC, tofauti isizidi asilimia 1, halafu mtu mwingine awe anabadilisha ampu na wewe usijue ipi inalia. Hapo ndo ule ukali na ule ulaini huwa vinapotea ghafla.

Mwaka 1985 Bob Carver, mtengenezaji wa ampu, aliwaambia jarida la Stereophile la Marekani wachague ampu yoyote ghali wanayoikubali, yeye angeifanya ampu yake ya transista ya bei ya kawaida ilie hivyohivyo. Akawa anapima tofauti ya ishara za ampu mbili huku akirekebisha yake, mpaka tofauti ikabaki ndogo kabisa, na wale wasikilizaji wazoefu wakashindwa kuzitenganisha.

"Basi chukua ampu ya valvu, itazilainisha"

Hapa kuna ukweli ndani yake, ila umekaa upande upande. Ampu ya valvu, ile ya zamani inayotumia taa za kioo badala ya transista, kweli inaweza kubadilisha sauti ya spika, na sababu siyo uchawi wa zile taa zinazowaka, ni ukinzani wake wa ndani upande wa kutokea. Ya transista mara nyingi iko chini ya omu 0.1, ya valvu inaweza kufika omu 2 na zaidi. Na spika iliyoandikwa omu 8 haikai kwenye 8, inapanda na kushuka kufuatana na masafa ya sauti (hezi), tuseme inaanzia 4 mpaka 20. Piga hesabu: kwenye ampu ya transista yenye omu 0.08 tofauti kati ya pale spika ilipo 4 na pale ilipo 20 ni kama desibeli 0.14, hakuna kitu. Kwenye valvu ya omu 2 inakuwa karibu desibeli 2.7, hiyo hata mtu asiyejali mziki ataisikia.

Lakini angalia inakwenda upande gani! Sauti inapanda pale ambapo ukinzani wa spika uko juu, na spika nyingi za njia mbili zina kilima cha ukinzani kwenye hezi 1,000 mpaka 3,000 hivi, pale wufa (kipaza cha besi) na twita (kile kidogo cha trebo) zinapopokezana. Kwa hiyo ampu uliyoinunua ilainishe inaweza kuja kusukuma mbele sauti ya mwimbaji na magitaa, yaani palepale panapokuuma. Kwenye spika nyingine italainisha kweli. Bila kuona grafu ya ukinzani wa spika yako unacheza bahati nasibu.

"Wati zikiwa nyingi ndo ukali unaongezeka"

Hapana. Kutoka wati 45 za PM6007 kwenda 85 za A-S501 hata desibeli 3 hazifiki, na ukisikiliza kawaida tu sebuleni spika kama hizi zinakula wati moja au chini ya hapo. Mambo yako kinyume kabisa, ampu ndogo ikikamuliwa siku ya sherehe mpaka mziki uanze kukwaruza, mawimbi yanakatwa vichwa, na kule kukatwa kunazalisha masafa ya juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo. Ukali wa aina hiyo ni wa ampu kweli, na ndo huo unaounguza twita.

Waya je? Eti wa shaba unalainisha, wa fedha unakaza. Mita 5 za shaba ya 2.5 mm², kwenda na kurudi ni kama omu 0.07, ndogo mno kubadilisha sauti, tuendelee.

"Sebule haihusiki"

Inahusika kuliko vyote hapo juu. Nyumba zetu nyingi sasa hivi sakafu tailizi, ukuta wa tofali na plasta, dirisha kubwa la kioo na alumini, sofa za ngozi. Hakuna kinachomeza trebo humo ndani, inagonga na kurudi, inagonga na kurudi. Weka zulia nene kati yako na spika, mapazia mazito yafike chini, halafu spika zisikutazame usoni, zigeuze zitazame mbele moja kwa moja, maana trebo ya twita inapungua ukiwa pembeni yake (twita ya Klipsch imekaa ndani ya honi, kwa hiyo inapungua taratibu, jaribu pembe tofauti). Mwenye laptop achukue maikrofoni ya kupimia kama UMIK-1 na programu ya REW ambayo ni ya bure, aone mwenyewe kilima kiko hezi ngapi badala ya kubishana.

"Kugusa trebo ni kuharibu mziki"

Sijui nani alianzisha hii. Watu wanabonyeza Pure Direct kwenye Yamaha, kitufe kinachozima virekebishi vya besi na trebo vyote, halafu wanatumia milioni kutafuta ampu "laini". Kizime, punguza trebo kidogo, sikiliza siku mbili tatu. Na kama unasikiliza usiku kwa sauti ndogo kumbuka sikio lenyewe linapoteza besi kwanza sauti ikishuka, watafiti Fletcher na Munson walishalipima tangu 1933, ndo maana mziki unabaki mwembamba na unaonekana mkali. Kwenye Yamaha kuna Loudness ya kuzungusha kwa kazi hiyo, unaweka volyumu pale juu unaposikilizia, halafu unashusha kwa kuzungusha Loudness.

Kuna na wanaosema ziache zilie miezi, zitalainika zenyewe. Kinacholainika zaidi hapo ni masikio yako.

Fundi anaweza kuongeza rezista ya omu 1 kabla ya twita, ikiwa twita ni ya omu 8 unapunguza karibu desibeli 1. Ikishindikana hata hapo, uza spika, ampu ibaki.