Kuku, bati na upepo wa ziwa: tunayoyakosea Mwanza msimu wa joto

Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba nilirudi nyumbani Mkuyuni saa kumi na moja jioni, nikakuta kuku kumi na mmoja wa mayai wamelala kifudifudi kwenye maranda, mabawa yametawanyika, midomo wazi. Asubuhi niliwaacha wazima. Waliobaki walikuwa wamejibana kwenye ukuta wa mashariki wanatweta. Jirani yangu, mama muuza dagaa, alichungulia kwenye wavu akatoa hukumu hata kabla ya salamu: "Baba, huo ni mdondo. Wahi duka la dawa za mifugo kabla hawajaisha." Mdondo ndio kideri, ugonjwa wa Newcastle.

Nikawahi. Nikanunua antibiotiki, nikawawekea kwenye maji siku tano, na mayai ya siku zile sikuyauza. Hela yote hiyo ilikwenda bure, maana kilichowaua kuku wangu ni turubai nililolifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

"Kuku anayehema mdomo wazi ni mgonjwa"

Kuku hana tezi za jasho. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 41 hivi, juu kuliko letu, na likianza kuzidi hapo hana njia nyingi. Anaachanisha mabawa na mbavu, damu inakimbilia kwenye kilemba, ndevu na miguu, na mwisho anafungua mdomo kutweta, pumzi zaidi ya 150 kwa dakika. Kila pumzi inatoka na mvuke. Ni kazi ileile ya mtungi wa bibi: maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka nje kwa upepo, na yale ya ndani yanapoa. Mtungi ukiuweka kabatini haupoi, na kuku ukimfungia pasipo hewa anatweta bure.

Sasa joto na ugonjwa utavitofautishaje? Angalia saa. Kuku wa joto wanatweta kundi zima kuanzia saa sita mchana, jua likishuka wanatulia, na alfajiri huoni hata mmoja mwenye mdomo wazi. Mdondo hauna saa. Unamsikia kuku anakoroma hata usiku, kinyesi ni cha kijani, wengine shingo zinapinda, na vifo vinaendelea siku baada ya siku. Mafua yanavimbisha uso na macho, kamasi linanuka. Ugumu ni kwamba mdondo nao hupenda kuibuka kiangazi, ndiyo maana jirani hakuwa mjinga kuushuku. Lakini hata angekuwa amepatia, dawa yangu isingesaidia kitu: mdondo unaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kinga yake ni chanjo, ile ya tone moja jichoni inayorudiwa kila baada ya miezi 3, tena kabla ugonjwa haujaingia bandani.

"Sisi tuko ziwani, upepo tunao"

Upepo tunao kweli. Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na kivulini mchana wa joto mara nyingi haupiti nyuzi 30 kwa mbali. Mchana nchi kavu inashika joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa ya ziwani inaingia kujaza nafasi. Kwa sisi wa Igogo, Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, ziwa liko magharibi, kwa hiyo upepo wa mchana unatujia kutoka huko.

Jua la alasiri nalo linatoka hukohuko, na hapo ndipo wengi tunaponasa. Saa nane jua linaanza kupenya wavuni, unawaona kuku wanahama, unawahurumia, unateremsha turubai. Umezuia jua, na upepo pia. Nilipopachika kipimajoto baadaye, nje kivulini kilisoma 29, na ndani, turubai likiwa chini, usawa wa kichwa cha kuku kilisoma 36. Kuku wa mayai anaanza kupata shida ikipita 30. Hapo bado hujahesabu miamba. Banda langu limeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba, kama mabanda mengi ya vilimani kwetu, na jiwe lile likianikwa tangu asubuhi, saa mbili usiku bado huwezi kuliegemea kwa raha.

Suluhisho halikuwa la gharama. Niliurefusha mwavuli wa paa upande wa magharibi kwa vipande vya bati na mirunda miwili, ukatoka nje zaidi ya mita moja. Jua linakatwa, upepo unapita chini yake. Ukiwa ndiyo kwanza unajenga, elekeza urefu wa banda mashariki–magharibi ili jua lipige ncha fupi tu, na ukuta wa matofali uishie magotini, juu yake wavu.

Halafu paa. Watu wanahangaika na kuta wakati kwetu, mwisho wa Septemba na katikati ya Machi, jua la kati ya saa sita na nusu na saa saba linapita utosini kabisa. Mwezi huo wa Septemba ndio pia vuli haijaanza na kila kitu kimekauka. Bati tupu wakati huo ni kikaango. Tandaza nyasi juu yake uzifunge kwa kamba, au lipake rangi nyeupe, na pale juu kabisa acha mwanya hewa ya moto itokee.

"Upepo unawapa kuku mafua." Hapana. Mafua ya kuku yanaletwa na bakteria. Vifaranga wa wiki tatu za kwanza ndio wa kukingwa na upepo, mkubwa mwenye manyoya yake mwachie hata usiku.

"Wamwagie maji bandani wapoe"

Hili linaonekana la akili mpaka uukumbuke tena ule mtungi. Kutweta kunapoza pale tu hewa inapoweza kupokea mvuke, na hewa ya mwambao tayari ina unyevu wa kutosha. Ukilowesha maranda unaongeza unyevu, unafufua harufu ile ya amonia inayochoma macho, na baada ya siku chache unapata kuhara damu. Maji yamwage juu ya paa la nyasi, au ardhini nje upande upepo unakotokea.

Kuku aliyezidiwa mtoe, mpeleke kivulini penye upepo, mloweshe miguu, kilemba na chini ya mabawa kwa maji ya kawaida. Maji ya kunywa yakiwa baridi hayamdhuru, hata ukitia kipande cha barafu. Yanayodhuru ni yale yaliyopita kwenye bomba jeusi lililolala juani, maana kuku huyaonja na kuondoka. Kuku mmoja wa mayai hunywa kama robo lita kwa siku, na kwenye joto kali hufika nusu lita, kwa hiyo mwenye kuku arobaini ahesabu ndoo nzima ya lita 20. Chungu cha udongo kivulini kinashinda drinka ya plastiki, ila kioshe kila siku.

"Ongeza chakula wapate nguvu." Kumeng'enya chakula kunazalisha joto, na joto hilo linafika kilele saa kadhaa baada ya kula. Aliyejaza gole saa nne asubuhi anabeba jiko tumboni saa nane. Mimi nalisha alfajiri na tena saa kumi na moja jioni, katikati naondoa vyombo. Na dagaa, kwa kuwa huku ni rahisi kupatikana, tunazidisha: protini isiyohitajika mwili unaivunja, na kuivunja ni joto jingine.

Mayai ya ganda jepesi ni suala la kutazamwa vizuri. Kila mtu atakwambia ongeza maganda ya konokono kutoka ufukweni. Konokono ni wazuri, lakini kuku anayetweta mchana kutwa anapoteza kaboni dayoksaidi ya kwenye damu, na ganda la yai ni kalisiamu kabonati, haliundwi na kalisiamu peke yake. Kwanza mpunguzie kutweta. Konokono wape jioni kwenye chombo chao, kwa sababu ganda hujengwa zaidi usiku.

Wenye kienyeji hujigamba kwamba wao hawaguswi. Kuku wa kienyeji ni mwepesi, na akiwa huru anajichagulia kivuli chini ya mwembe na kujichimbia kwenye udongo wa baridi. Kishingo, yule wa shingo isiyo na manyoya, ana nafuu zaidi, maana ana manyoya machache kuliko wenzake. Lakini mfungie kienyeji chini ya bati, kumi na wawili kwenye mita moja ya mraba, uone. Tena usijaribu kumtengeneza kishingo wako kwa kumnyonyoa: ngozi ya uchi inaungua juani, na wenzake wataidonoa.

Jioni ile ya wale kumi na mmoja palizuka hoja ya mwisho, na ilitoka nyumbani kwangu: "Si wamekufa kwa joto tu, hawakuugua, tuwatie supu." Kuku aliyejifia hakuchinjwa damu ikatoka, na mzoga uliokwisha pata moto namna ile unaharibika upesi. Isitoshe, saa ile mimi na jirani tulikuwa tunaamini ni mdondo. Nilichimba shimo la kufika kiunoni ili mbwa wasiwafukue, na kazi yenyewe kwenye mlima wa mawe ilinichukua mpaka saa tatu usiku.