Dishi na kebo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitaja tu kwamba unataka kuingiza televisheni ya kulipia nyumbani, washauri hujaa. Huyu anakuapia kwamba dishi halifai, wingu likitanda tu picha inakwenda. Yule anasema kebo haikatiki hata siku moja. Fundi naye anakuuliza kama hutaki dishi kubwa zaidi, upate chaneli nyingi. Ndani ya maneno hayo mna chembe za ukweli, ndiyo maana yanadumu, lakini yametiwa chumvi hadi watu wanaingia mikataba ya muda mrefu kwa kutegemea uvumi. Hilo linaniuma, kwa sababu mambo yenyewe si magumu kuyaelewa.

"Kebo na setilaiti ni vitu viwili visivyojuana"

Dhana hii ndiyo inayozaa nyingine, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Sehemu kubwa ya chaneli za kebo hufika kwa kampuni ya kebo kupitia setilaiti. Kampuni huwa na kituo chenye madishi makubwa; huko chaneli hupokelewa, hupangwa upya, kisha husambazwa mitaani kwa nyaya. Siku hizi baadhi ya chaneli huletwa kwa faiba, yaani nyaya zinazopitisha mwanga, lakini madishi hayajaondoka.

Historia yenyewe inaonyesha hivyo. Kebo ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, katika miji ambayo milima iliizuia kupata matangazo. Antena moja iliwekwa mahali pa juu, na nyumba za chini zikaunganishwa nayo kwa waya. Ikabaki huduma ya miji midogo kwa miaka mingi. Kilichoigeuza kuwa biashara kubwa ni setilaiti: tarehe 30 Septemba 1975, HBO, chaneli ya kulipia ya Marekani, walirusha kwa njia hiyo pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier kutoka Manila hadi kwenye mitandao ya kebo. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Ted Turner akapandisha kituo chake cha televisheni cha Atlanta kwenye setilaiti, na kebo za mbali zikaanza kukionyesha.

Kwa hiyo tofauti iko kwenye kipande cha mwisho cha safari, kile kinachoingia nyumbani kwako. Hata jua halibagui: kila mwaka, karibu na Machi na Septemba, kuna siku chache ambapo jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti na mawimbi yake huifunika ishara kwa dakika chache. Mwenye dishi hupoteza picha, na mtazamaji wa kebo anaweza kupoteza chaneli ileile, ikiwa kampuni yake huipokea kwa setilaiti pekee.

"Wingu likitanda, dishi limekwisha"

Madishi madogo ya nyumbani hutumia mawimbi ya gigahezi 10.7 hadi 12.75. Kwa mawimbi hayo matone mazito ya mvua ni kikwazo kweli: huyanyonya na kuyatawanya. Wingu peke yake halina athari kubwa. Mvua ya kawaida inaweza kupunguza nguvu bila wewe kuona lolote kwenye picha, kwa kuwa matangazo ya dijitali hubeba taarifa za ziada za kusahihisha makosa. Picha hubaki safi mpaka ishara ishuke chini ya kiwango fulani, hapo ndipo huvunjika vipande vya mraba na kuganda.

Kinachoamua ni akiba ya nguvu ya ishara iliyopo kabla ya mvua kuanza. Dishi lililoelekezwa vizuri huwa na akiba ya kutosha na hushindwa na dhoruba tu, mara nyingi kwa dakika chache. Dishi lililofungwa kwa haraka hukaa ukingoni siku zote. Siku ya jua hutalijua, manyunyu yakija linaanguka. Basi picha yako ikikatika kwa rasharasha huku ya jirani mwenye huduma hiyohiyo ikiendelea, acha kuilaumu anga. Angalia mwelekeo wa dishi, kutu kwenye viungio, na maji yaliyoingia ndani ya waya.

"Kebo haikatiki"

Kebo haijali mvua ya kawaida, hiyo ni kweli na ni sifa kubwa. Lakini ishara yake hupita kwenye vifaa vya kukuza mawimbi vilivyowekwa njiani, na vifaa hivyo hula umeme. Umeme ukikatika mtaani na betri za kampuni zikaisha, utawasha jenereta yako na kukuta kioo kitupu. Mtambo wa kuchimba ukikata waya, mtaa mzima unanyamaza hadi kampuni ije.

Mwenye dishi anahitaji umeme wa nyumbani kwake tu. Setilaiti ina paneli zake za jua, na betri za kutumia inapopita kwenye kivuli cha dunia. Kwa anayetumia sola, au anayeishi mahali umeme unakatika kila mara, naona hoja hii ina uzito kuliko habari za mvua, na ajabu ni kwamba wauzaji hawaitaji.

"Dishi kubwa na la juu ndilo zuri"

Hapa fedha nyingi hupotea. Chaneli unazopata hutegemea setilaiti uliyoilenga na kifurushi ulicholipia. Ukubwa wa dishi hauziongezi. Hausafishi picha pia: dishi la sentimita 60 na la sentimita 90 yakishanasa ishara ileile vizuri, picha inayotoka ni moja. Faida ya ukubwa ni ile akiba ya siku ya mvua, na inawafaa hasa wanaoishi pembezoni mwa eneo linalomulikwa na setilaiti.

Kuhusu urefu, setilaiti hizi ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mita chache za paa haziongezi kitu. Dishi linahitaji njia iliyo wazi kuelekea setilaiti, isiyozibwa na mti wala ukuta; likiwa na njia hiyo linaweza kufungwa karibu na ardhi, ambako kulisafisha na kulikaza ni rahisi. Pia usilisukume kwa sababu linaonekana kutazama ukuta wa jirani. Mengi ya madishi ya nyumbani yameundwa kupokea kutoka juu zaidi ya pale uso wake unapoelekea.

Nalo lile la kwamba setilaiti "imehama"? Inazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana kwetu inaonekana imesimama, na waendeshaji wake huirekebisha isitoke mahali pake. Kilichosogea ni dishi lako. Kosa la digrii moja tu, kwa umbali huo, ni zaidi ya kilomita 600 pembeni.

Mengine kwa ufupi

Majirani wakitazama kwa wingi, picha yako haipungui, iwe kwa dishi au kwa chaneli za kawaida za kebo. Kinachogawanwa ni intaneti inayopita kwenye kebo hiyohiyo, na ndiyo inayokuwa nzito jioni. Dishi halihitaji intaneti kuonyesha chaneli zake. Mpira kuchelewa kwa sekunde kadhaa husababishwa zaidi na kubanwa na kuchakatwa kwa picha. Safari ya kwenda angani na kurudi huchukua takriban robo sekunde. Na ukiacha kulipia, dishi halijafa: kwenye setilaiti nyingi kuna chaneli za bure, ukiwa na king'amuzi kinachozifungua.

"Waya mmoja unatosha nyumba nzima"

Kwa kebo, inawezekana. Waya hugawanywa, ingawa kila kigawanyi cha njia mbili huipunguzia kila tawi nusu ya nguvu. Kwa dishi mambo ni tofauti. King'amuzi hutuma volti 13 au 18 kwenye waya kukiambia kichwa cha dishi, yaani LNB, kipokee mawimbi ya wima au ya mlalo. Ving'amuzi viwili kwenye njia moja vitapeana amri zinazogongana. Kila kimoja kinahitaji njia yake, isipokuwa ukinunua LNB iliyoundwa kugawana waya mmoja. Nyumba yenye televisheni nyingi, kebo ikiwa inapita karibu, mimi ningechagua kebo bila kusita.

"Mstari wa nguvu umejaa, kazi imekwisha"

King'amuzi huonyesha vipimo viwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Fundi mwenye haraka hukuonyesha nguvu. Nguvu inaweza kuwa juu hata dishi likiwa limelenga setilaiti isiyo yako, kwa sababu kipimo hicho huhesabu kila kinachoingia, pamoja na kelele. Mwambie fundi akuonyeshe ubora kabla hajashuka ngazi, upige picha ya namba hiyo, kisha uilinganishe siku picha itakapoanza kukatika.