Sonata za Ogani za Bach Hazijachakachuliwa: Dhana Potofu Kuhusu Rekodi za Enzi ya Baroki

Kila ninapompa mwanafunzi wa kinanda orodha ya rekodi za kusikiliza, na ndani ya orodha hiyo zikawemo sonata za trio za Johann Sebastian Bach zikipigwa na fidla, filimbi, selo na harpsikodi (ala ya kibodi ambayo nyuzi zake hukwanyuliwa), ninalijua jibu litakalorudi: "Mwalimu, hizi si halisi, wamezichakachua." Nimelisikia kwa wanaoanza kujifunza, nimelisikia kwa wapiga ogani wa makanisani wenye uzoefu mkubwa, na nimelisikia hata kwa watu wanaonunua rekodi kwa fedha nyingi na kuzitunza vizuri. Kwa kuwa dhana hiyo inawanyima wasikilizaji sehemu kubwa ya muziki ambao wangeupenda, nimeona niijibu kwa kirefu hapa, kisha niziguse kwa ufupi nyingine chache zinazoandamana nayo.

Dhana: Muziki wa ogani ukipangiliwa kwa kikundi kidogo cha ala, huwa si wa Bach tena.

Ukweli: Tuanze na sonata zenyewe. Sonata sita zenye namba BWV (orodha ya kazi za Bach) 525 hadi 530 zilikusanywa na Bach mjini Leipzig mwishoni mwa miaka ya 1720, na nakala ya mwandiko wake mwenyewe ingali imehifadhiwa mjini Berlin. Johann Nikolaus Forkel, aliyechapisha wasifu wa Bach mwaka 1802, anaeleza kwamba zilitungwa kwa ajili ya mazoezi ya mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann. Kila sonata ina sauti tatu tu: mkono wa kulia hupiga sauti moja kwenye kibodi yake, mkono wa kushoto hupiga sauti ya pili kwenye kibodi nyingine, na miguu hubeba besi. Umbo hilo halikuzaliwa kwenye ogani. Ni umbo la sonata ya trio, ambalo Arcangelo Corelli alilipa sura yake imara nchini Italia tangu alipochapisha mkusanyo wake wa kwanza mwaka 1681, ambamo fidla mbili hufuatana, hupokezana na kupishana juu ya besi. Bach alichukua kazi ya kikundi kizima akaiweka mikononi na miguuni mwa mtu mmoja. Anayezigawa tena sauti hizo kwa wapigaji watatu au wanne anazirudisha zilikotoka.

Asiyeridhika na hoja ya umbo na atazame ushahidi wa noti. Sehemu ya kwanza ya sonata ya nne, BWV 528, ilikuwapo kabla ya sonata hiyo: Bach aliitumia mwaka 1723 kufungua nusu ya pili ya kantata (kazi ya waimbaji na ala kwa ajili ya ibada) namba 76, na humo haikupigwa na ogani peke yake, bali na obo d'amore (ala ya kupuliza), viola da gamba (ala ya nyuzi ipigwayo kwa upinde) na kontinuo, yaani besi pamoja na ala ya kujazia akodi, mara nyingi harpsikodi au ogani. Kwa hiyo kuhusu sehemu hiyo hatuna haja ya kukisia lolote: kikundi kidogo kilitangulia, ogani ikafuata. Sehemu ya pili ya sonata ya tatu, BWV 527, ilisafiri kuelekea upande wa pili, kwa kuwa tunaikuta tena katika konsato (kazi ya ala pweke na kikundi cha ala) BWV 1044, safari hii mikononi mwa filimbi, fidla na harpsikodi. Mtu anayeniambia kwamba muziki huu ni wa ogani tu, anamkatalia Bach jambo ambalo Bach mwenyewe alilifanya kwa noti hizo hizo.

Na hakulifanya kwa sonata hizi pekee. Alipokuwa Weimar, mnamo miaka ya 1713 na 1714, alizihamishia kwenye ogani konsato kadhaa za Antonio Vivaldi, zikiwemo mbili kutoka mkusanyo uliochapishwa Amsterdam mwaka 1711. Konsato ya fidla mbili katika ufunguo wa A ndogo (minor) ikawa BWV 593, na katika sehemu yake ya mwisho mpigaji analazimika kupiga sauti mbili kwa miguu kwa wakati mmoja ili wingi wa ala za nyuzi usipotee. Mwaka 1731 aliichukua preludi (kipande cha ufunguzi) ya partita (mfululizo wa vipande, vingi vya dansi) yake ya tatu ya fidla pweke, akampa mpiga ogani nafasi ya fidla, akaongeza tarumbeta na ngoma za timpani, na kuifanya ufunguzi wa kantata namba 29. Mwaka huo huo aliandika kantata namba 140, ambayo korali (wimbo wa kanisani) yake ya tenori, yenye nyimbo ya fidla na viola zikienda kwa sauti moja, ilichapishwa baadaye, mnamo 1747 au 1748, kama kipande cha ogani kinachopigwa leo karibu kila mahali penye ogani. Wengi wa wanaolalamika kuhusu uchakachuaji wanakipenda sana kipande hicho, bila kuuliza kilikotoka.

George Frideric Handel naye alifanya biashara ile ile mjini London. Konsato zake za ogani za opus 4 zilichapishwa na John Walsh mwaka 1738 kwa harpsikodi au ogani, na ya sita kati yake ilikuwa imepigwa kwa kinubi miaka miwili kabla. Kisha, Bach alipokuwa amekwisha kufa zaidi ya nusu karne, Samuel Wesley na Charles Frederick Horn walianza kuzichapisha sonata za trio mwaka 1809 kwa piano, mikono mitatu, kwa kuwa ogani nyingi za Uingereza wakati huo hazikuwa na pedali za kuzipigia. Kama wangengoja ogani halisi, Waingereza wa kizazi kile wasingezisikia kabisa.

Nisieleweke kwamba kila mpangilio ni mzuri. Iko mibovu, na ubovu wake una sababu zinazoweza kutajwa. Tatizo la kwanza ni mkono wa kushoto. Katika sonata hizi sauti hiyo huteremka mara kwa mara chini ya G ya waya mzito wa fidla, na mpangiliaji anapaswa kuamua: ampe mpigaji wa viola au wa gamba, aihamishie sonata nzima kwenye ufunguo wa juu zaidi, au aipandishe sauti hiyo oktava moja. Uamuzi wa kumpa viola ndio ninaoupendelea, kwa sababu unaacha sauti mbili za juu zikiwa na rangi tofauti, kama zinavyokuwa kwenye kibodi mbili zenye rejista (seti za mabomba) tofauti. Kupandisha oktava si dhambi, kwani hata kwenye ogani wapigaji wengi huteremsha mkono wa kushoto oktava moja na kutumia rejista ya futi nne inayourudisha juu. Lakini mpangiliaji asiyeangalia vizuri hujikuta sauti ya pili imeipanda ya kwanza mahali ambapo Bach aliitaka ikae chini.

Tatizo la pili ni kontinuo, na hapa mimi ni mkali. Sonata za ogani hazina akodi za kujazia. Kuna mistari mitatu na nafasi kati yake. Mpiga harpsikodi anayeijaza nafasi hiyo kwa akodi nene katika kila pigo anaficha kazi ya mtunzi. Kantata namba 76 inaonyesha kwamba kontinuo inaruhusiwa, lakini ruhusa hiyo si amri ya kupiga bila kukoma. Ukisikiliza rekodi ya kikundi ukashindwa kufuata sauti ya pili kwa sababu harpsikodi inalia juu yake, ilaumu rekodi hiyo, usiulaumu upangiliaji.

Ukitaka mifano, kikundi cha Tempesta di Mare cha Philadelphia kilitoa sonata zote sita mwaka 2014 kwa ala za kihistoria. Mwaka 2017 Chris Thile, Yo-Yo Ma na Edgar Meyer walitoa rekodi iliyojumuisha sonata ya sita, BWV 530, kwa mandolini, selo na besi kubwa ya nyuzi, bila kontinuo yoyote, na mistari mitatu inasikika kila mmoja kwa ukamilifu wake. Kabla yao wote, E. Power Biggs alikuwa amezirekodi sonata sita kwa harpsikodi yenye pedali. Chaguo hilo lina mantiki, kwa kuwa wapiga ogani wa karne ya 18 walikuwa na ala za nyumbani zenye pedali kwa ajili ya mazoezi. Ogani ya kanisani haikulia bila mtu wa kukanyaga mivukuto, na wakati wa baridi kanisa la Ujerumani halikukalika.

Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana. Bomba la ogani hutoa sauti ileile tangu kibonye kinapobonyezwa hadi kinapoachwa, kwa hiyo maana yote iko katika urefu wa noti na ukimya kati ya noti. Fidla inaweza kuikuza noti moja na kuipunguza ndani ya pumzi moja. Katika sehemu za polepole, hasa ile ya BWV 528, fidla hunifundisha mahali ambapo sentensi ya muziki inaelemea, na nikirudi kwenye ogani ninajua ni noti ipi ya kuifupisha. Katika sehemu za kasi ogani inashinda, kwa sababu akili moja ndiyo inayoongoza sauti zote tatu.

Dhana: Ogani zote zinalia sawa, hivyo rekodi moja yatosha.

Ukweli: Marie-Claire Alain aliirekodi kazi yote ya ogani ya Bach mara tatu, na mara ya tatu alizifuata ogani za kihistoria, kwa sababu ala hubadili usomaji wa noti. Ogani ya Gottfried Silbermann katika kanisa kuu la Freiberg, ya mwaka 1714, haifanani na ya Arp Schnitger katika kanisa la Jacobi mjini Hamburg, ya 1693. Wafaransa walikuwa wanataja rejista hadi kwenye majina ya vipande, kama alivyofanya François Couperin katika misa zake mbili za 1690. Bach aliandika maelekezo ya rejista mara chache sana, kwa mfano katika BWV 596 na BWV 600, na kwingineko mpigaji huamua mwenyewe kulingana na ogani iliyo mbele yake. Rekodi isiyotaja ogani iliyotumika siinunui.

Dhana: Rekodi ikilia juu ya kimo cha kawaida, imeharakishwa.

Ukweli: Malalamiko haya yameongezeka tangu programu za kubaini noti zilipoingia kwenye simu. Noti ya A ya ogani ya Freiberg iko karibu na hezi 476 (mitetemo kwa sekunde), zaidi ya nusu toni juu ya 440 tuliyoizoea, na ile ya Jacobi mjini Hamburg iko karibu na 495, yaani toni nzima. Hapakuwa na kimo kimoja. Mjini Leipzig ogani ililia toni moja juu ya ala nyingine, na sehemu ya ogani katika kantata za Bach iliandikwa toni moja chini ili wote wakutane. Basi anayekasirika kwa sababu kikundi kimehamisha ufunguo wa sonata, afahamu kwamba wanakili wa Bach walifanya kazi hiyo wiki hadi wiki.

Dhana: Rekodi za zamani za mono (zenye mkondo mmoja tu wa sauti) hazina thamani tena.

Ukweli: Helmut Walcha, aliyekuwa kipofu na aliyejifunza kila sauti peke yake kabla ya kuziunganisha, alianza mfululizo wake wa kwanza mjini Lübeck mwaka 1947, akauendeleza kwenye ogani ya Schnitger iliyoko Cappel. Ni mono, lakini sauti tatu za sonata zinatengana vizuri kuliko katika rekodi nyingi mpya ambazo mafundi wake waliweka maikrofoni mbali ili mwangwi wa kanisa usikike. Mwangwi mwingi hupendeza kwa dakika chache, kisha huimeza besi.

Dhana: Spika ya simu inatosha.

Ukweli: C ya chini kabisa ya pedali yenye mabomba ya futi 16 iko karibu na hezi 33, na C ya chini ya selo iko karibu na 65. Spika ndogo ya simu haiwezi kuzitoa. Sikio hulitambua jina la noti kutokana na sauti za juu zinazoandamana nayo, lakini uzito wake haupo, na muziki uliojengwa juu ya besi hubaki bila msingi. Tumia vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei nafuu. Kisha fanya ninachowaambia wanafunzi wangu wote, wakiwemo wanaosoma sol-fa tu: usiimbe sauti ya juu, imba mkono wa kushoto huku rekodi ikiendelea. Ukipotea kwenye rekodi ya ogani, chukua ya kikundi, mfuate mpiga viola hadi uishike sauti yake, ndipo urudi kwenye ogani. Anza na sehemu ya kwanza ya BWV 528, kwa kuwa hiyo unaweza kuisikiliza pia ndani ya kantata namba 76, kwa ala alizozichagua Bach mwenyewe.